Ajali Hii Ina Kinga: Kuzuia Gesi ya Sumu Wakati wa Kupakua Kemikali

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu humfariji aliyefikwa na msiba, kwani humpunguzia mzigo wa kujilaumu. Lakini ukichukuliwa kuwa kanuni ya kazi katika viwanda vinavyotumia kemikali, msemo huohuo waweza kuleta maangamizi. Ajali nyingi za gesi ya sumu hutokea pale vitu viwili vinavyojulikana vinapokutana mahali panapojulikana, kwa kupitia njia ambayo ingaliweza kuzibwa mapema.

Katika makala haya tutaeleza ajali moja ya namna hiyo iliyotokea Marekani mwaka 2016. Kisha tutachambua kemia yake, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi, na mwishoni tutaonyesha kinga zinazotakiwa. Kemikali zinazohusika hutumika pia katika viwanda vyetu, katika mitambo ya kusafishia maji ya kunywa, katika maabara za shule na hata majumbani. Kwa hiyo jambo hili si la nchi za mbali tu.

Asubuhi moja mjini Atchison

Atchison ni mji mdogo katika jimbo la Kansas, kando ya mto Missouri. Mwaka 2016 kiwanda cha kampuni ya MGPI Processing mjini humo kilikuwa kikitengeneza pombe kali na bidhaa za ngano. Kazi hiyo ilihitaji kemikali kadhaa ambazo zililetwa kwa malori na kuhifadhiwa katika matangi makubwa. Miongoni mwake zilikuwamo asidi ya salfuriki na sodiamu haipokloriti. Hii ya pili ndiyo dawa iliyomo katika maji ya kung'arishia nguo, ambayo watu wengi huyaita jiki, ila ile ya kiwandani huwa kali zaidi.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba, 2016, lori lilifika kiwandani likiwa limebeba asidi ya salfuriki. Mfanyakazi wa kiwanda alimpeleka dereva mahali pa kupakulia, akafungua kofuli la bomba la asidi, kisha akarudi kwenye kazi zake. Mahali hapo palikuwa na midomo ya mabomba kadhaa. Mdomo wa bomba la asidi na ule wa bomba la haipokloriti ilitengana kwa sentimeta 46 hivi, nayo ilifanana kwa umbo na kwa kipimo. Alama za kuitambulisha hazikuwa wazi, wala hazikuwekwa mahali panapoonekana vizuri. Tena, bomba la haipokloriti nalo halikuwa limefungwa kwa kofuli. Dereva aliunganisha mpira wa lori kwenye bomba lisilo lake, na asidi ikaanza kuingia katika tangi la haipokloriti.

Punde si punde wingu la rangi ya kijani na manjano likafuka kutoka tangini. Dereva alipotambua kuwa kuna hatari, gesi ilikwisha kutanda kati yake na valvu ya kuzuia mtiririko. Wafanyakazi waliokuwa katika chumba cha kuongozea mitambo nao walilazimika kukikimbia, kwa kuwa hewa ya chumba hicho ilivutwa kutoka nje na gesi ikaingia pamoja nayo. Vifaa vya kupumulia havikuwa karibu nao. Kwa muda wa dakika 45 hivi asidi iliendelea kumiminika. Kiasi cha lita 15,000 za asidi kilikutana na kiasi cha lita 22,000 za haipokloriti.

Wakazi wapatao 11,000 wa mji huo na viunga vyake waliagizwa ama kuhama ama kujifungia ndani ya nyumba. Zaidi ya watu 140 walikwenda kutafuta matibabu, na baadhi yao walilazwa hospitalini. Bodi ya Marekani ya Uchunguzi wa Usalama wa Kemikali ilichunguza ajali hiyo na kueleza mafunzo yake kwa kirefu. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna tangi lililopasuka wala bomba lililotoboka. Mitambo yote ilikuwa mizima, nazo kemikali zilizohusika ni za matumizi ya kila siku. Gesi ya sumu ilizaliwa pale pale kwa sababu kitu kimoja kilitiwa katika chombo cha kingine.

Klorini iliyofungwa na klorini iliyofunguliwa

Ili kuelewa yaliyotokea, yafaa tujue kwanza jinsi haipokloriti inavyotengenezwa. Gesi ya klorini hupitishwa katika mmumunyo baridi wa sodiamu haidroksidi, yaani alkali. Klorini huungana na alkali hiyo, na mabadiliko hayo huandikwa hivi:

Cl₂ + 2NaOH → NaCl + NaOCl + H₂O

Upande wa kushoto pana gesi yenye sumu. Upande wa kulia pana chumvi ya kawaida, haipokloriti na maji, yote katika hali ya kimiminiko kinachoweza kubebwa katika pipa. Twaweza kusema kwamba alkali imeifunga klorini. Maadamu kimiminiko hicho kinabaki na alkali ya kutosha, klorini hutulia humo, na yaweza kutumika kidogo kidogo kuulia vijidudu au kuondolea madoa.

Sasa tutie asidi. Asidi huiondoa alkali iliyokuwa ikiifunga klorini, na mabadiliko yale ya kwanza hurudi nyuma:

NaOCl + NaCl + H₂SO₄ → Cl₂ + Na₂SO₄ + H₂O

Klorini iliyofungwa kiwandani kwa uangalifu hufunguliwa kwa dakika chache. Isitoshe, asidi kali ikikutana na alkali na maji hutoa joto jingi, na joto hilo huzidi kuifukuza gesi kutoka katika kimiminiko. Asidi yoyote yenye nguvu ya kutosha hufanya hivyo. Asidi ya haidrokloriki, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusugulia vyoo, hutoa klorini vilevile:

NaOCl + 2HCl → Cl₂ + NaCl + H₂O

Hesabu ya kufanywa darasani

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, kiasi kidogo cha kimiminiko chaweza kweli kuhatarisha watu wengi? Tufanye hesabu. Tuchukue lita 1 ya haipokloriti ya kiwandani yenye gramu 120 za NaOCl. Uzito wa moli moja ya NaOCl ni gramu 23 + 16 + 35.5, yaani gramu 74.5. Kwa hiyo lita hiyo ina moli 1.6 hivi. Mlinganyo wetu unaonyesha kwamba kila moli ya NaOCl yaweza kutoa moli moja ya klorini. Katika joto la kawaida la chumba moli moja ya gesi huchukua nafasi ya lita 24 hivi. Basi lita 1 ya kimiminiko yaweza kutoa karibu lita 39 za gesi ya klorini.

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani huhesabu kwamba klorini ikifikia sehemu 10 katika sehemu 1,000,000 za hewa huwa ni hatari ya mara moja kwa uhai au afya. Lita 39 za klorini zikienea sawasawa kwa kiwango hicho zitajaza lita 3,900,000 za hewa, yaani mita za ujazo 3,900. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 168. Kwa hiyo lita 1 tu yaweza kuharibu hewa ya madarasa zaidi ya 20. Mwanafunzi akikumbuka kwamba tangi la Atchison lilikuwa na maelfu ya lita, ataona kwa nini mji mzima uliagizwa kufunga madirisha.

Gesi hii humfanyaje mtu

Uzito wa moli ya klorini ni gramu 71, na wa moli ya hewa ni gramu 29 hivi. Kwa hiyo klorini ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara mbili na nusu. Gesi hiyo hutambaa juu ya ardhi, hushuka mabondeni, hujaa katika mashimo na mitaro, na hukawia mahali pasipo upepo. Mtu anayejificha katika shimo akidhani amepata usalama huwa ameifuata gesi inakokwenda.

Klorini ikiingia puani na kifuani hukutana na unyevu wa utando laini wa njia ya hewa. Ikichanganyika na maji hutoa asidi ya haidrokloriki na asidi ya haipoklorasi, ambazo huunguza utando huo. Macho huwasha na kutoa machozi, koo hukaba, na kikohozi hakikomi. Aliyevuta gesi nyingi huweza kujaa maji mapafuni, na hali hiyo huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kudhani kuwa amepona. Kwa sababu hiyo mtu aliyevuta klorini kwa wingi hafai kuachwa aende nyumbani bila kuonwa na mganga.

Jozi nyingine za kuogopwa

Haipokloriti na asidi ni jozi moja tu. Katika viwanda vya ngozi, sodiamu salfidi hutumika kuondolea manyoya, na baadaye kazi huendelea kwa vimiminiko vyenye asidi. Maji machafu ya hatua hizo mbili yakikutana katika mtaro mmoja, gesi ya haidrojeni salfidi hutoka. Gesi hiyo hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa pua wa kunusa, hata mtu akadhani kwamba hatari imepita. Wafanyakazi wengi ulimwenguni wamekufa kwa gesi hiyo katika mashimo ya maji machafu, na mara kwa mara aliyeshuka kumwokoa mwenzake amekufa pia.

Katika machimbo ya dhahabu, yakiwamo yale ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, sodiamu sianidi hutumika kuyeyusha dhahabu kutoka katika mchanga wa mawe. Mmumunyo wa sianidi hutiwa chokaa ili ubaki na alkali, na kipimo chake cha pH kidumu juu ya 10. Asidi ikiingia humo, gesi ya haidrojeni sianidi hutoka, nayo huzuia seli za mwili kutumia oksijeni.

Mwanafunzi ataona kwamba mifano hii mitatu ina kanuni moja. Katika kila mmoja sumu imefungwa na alkali, nayo asidi ndiyo inayoifungua. Akiishika kanuni hiyo ataweza kuitambua hatari hata kwa kemikali ambayo hajapata kuiona.

Ngazi za kinga

Baada ya ajali yoyote watu huuliza kwanza, "Nani alikosea?" Swali hilo lina mahali pake, lakini halitoshi. Dereva anayefika mahali asipopajua vizuri, akakuta midomo miwili inayofanana, yote haina kofuli, aweza kukosea leo au kesho, hata akiwa mwangalifu. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: kazi ilipangwaje hata kosa dogo la mtu mmoja likaweza kufika mbali kiasi hicho? Kinga hupangwa kwa ngazi, na ngazi ya juu ndiyo imara zaidi.

Ngazi ya kwanza ni kuondoa hatari yenyewe. Mhandisi Mwingereza Trevor Kletz alisisitiza tangu miaka ya 1970 kwamba njia bora ya kudhibiti kitu cha hatari ni kutokuwa nacho kabisa, au kuwa nacho kwa kiasi kidogo. Kiwanda kijiulize kama kweli kinahitaji kemikali zote mbili, na kama chaweza kutumia nyingine isiyochukiana na zile zilizopo.

Ngazi ya pili ni kutenganisha. Midomo ya mabomba ya kemikali zinazochukiana isikae pamoja. Iwekwe katika pande tofauti za kiwanda, na kila tangi lizungushiwe ukuta wake wa kuzuia kimiminiko kilichovuja. Vilevile viungio viwe vya umbo au kipimo tofauti, ili mpira wa asidi usiweze kabisa kushika katika bomba la haipokloriti. Kinga ya namna hii haitegemei kumbukumbu ya mtu, kwani hata aliyechoka au aliye na haraka hawezi kuishinda.

Ngazi ya tatu ni kofuli na alama. Kila bomba liwe na kofuli lenye ufunguo wake wa pekee, na funguo zikae kwa msimamizi. Jina la kemikali liandikwe kwa herufi kubwa kwenye mdomo wenyewe wa bomba, katika lugha ambayo wapakuaji wanaisoma.

Ngazi ya nne ni utaratibu wa watu wawili. Dereva na mfanyakazi wa kiwanda wasome pamoja hati ya mzigo, wailinganishe na jina lililoandikwa kwenye bomba, kisha wote wawili waukague muungano kabla valvu haijafunguliwa. Mfanyakazi abaki pale mpaka mtiririko uanze vizuri.

Ngazi ya tano ni kuzuia mapema kosa likishatokea. Pawe na valvu inayoweza kufungwa kutoka mbali, upande wa lori na upande wa tangi pia, na pawe na kipima gesi kitakacholia king'ora. Chumba cha kuongozea mitambo kiweze kufungiwa hewa ya nje mara moja. Ngazi ya mwisho ni vifaa vya kupumulia, ambavyo ni lazima viwe karibu, vikaguliwe, na watu wawe wamezoezwa kuvivaa. Kifaa kilichofungiwa ghalani wakati gesi imekwisha kutanda ni sawa na kutokuwapo.

Kinga iliyolala

Haitoshi kuwa na kinga. Ni lazima iwe macho. Ulimwengu ulifundishwa jambo hili kwa uchungu mkubwa katika mji wa Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba, 1984. Katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide maji yaliingia katika tangi lililokuwa na tani 40 hivi za methili aisosayaneti. Kimiminiko kilichemka, na gesi ikatoka juu ya mitaa ya watu waliolala. Maelfu walikufa, na zaidi ya watu nusu milioni walifikiwa na gesi hiyo.

Kiwanda hicho kilikuwa na kinga kadhaa. Mtambo wa kulipoza tangi ulikuwa umezimwa miezi mingi kabla. Mnara wa kuchomea gesi haukuweza kutumika, kwa kuwa kipande cha bomba lake kilikuwa kimeondolewa kwa matengenezo. Mtambo wa kuoshea gesi haukutosha kwa wingi wa gesi iliyotoka. Kila kinga iliyolala ilikuwa na sababu yake, kama vile kupunguza gharama au kungoja matengenezo, na hakuna sababu hata moja iliyoonekana kubwa mpaka usiku ule. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 imeweka masharti juu ya kuingiza, kusafirisha, kuhifadhi na kutumia kemikali, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hata hivyo sheria haiwezi kusimama kando ya kila lori linapopakuliwa. Wanaosimama hapo ni wafanyakazi, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari jana au juzi.

Gesi ikishatoka

Mtu akiona wingu la gesi au akisikia harufu kali ya klorini, atazame upepo unakotoka. Aondoke kwa kukata upepo ubavuni ili atoke katika njia ya wingu, kisha aelekee unakotoka upepo na mahali palipoinuka. Akiwa ndani ya nyumba na wingu limekwisha kufika nje, ni afadhali abaki ndani, afunge milango na madirisha, azime feni, na azibe nyufa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji. Asirudi kumwokoa mwenzake bila kifaa cha kupumulia. Macho na ngozi vioshwe kwa maji mengi, na nguo zilizoloa kemikali zivuliwe.

Katika maabara na nyumbani

Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi utengenezaji wa klorini atumie kiasi kidogo tu, ndani ya kabati lenye feni ya kutolea gesi au mahali palipo wazi sana, na gesi inayobaki aipitishe katika mmumunyo wa sodiamu haidroksidi ili ifungwe tena. Asidi na haipokloriti zisiwekwe kwenye rafu moja, wala mabaki yake yasimwagwe katika ndoo moja. Nyumbani, jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, hata kwa nia ya kupata usafi zaidi. Pia kemikali isihamishiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwani chupa isiyo na jina la kilichomo ni mwanzo wa kosa lilelile la Atchison.

Basi, tukirudi kwenye usemi wa wahenga, ajali ya radi au ya tetemeko yaweza kweli kukosa kinga. Lakini gesi inayozaliwa na mpira uliounganishwa mahali pasipo pake ina kinga sita, na zote zimo katika uwezo wetu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Eleza kwa nini klorini hutulia katika mmumunyo wenye alkali, lakini hutoka asidi inapotiwa.

2. Kisima cha bwawa la kuogelea kimetiwa lita 5 za haipokloriti yenye gramu 120 za NaOCl kwa kila lita. Mtu akikosea akatia humo asidi nyingi, ni lita ngapi za gesi ya klorini zinaweza kutoka?

3. Taja kinga zote zilizokosekana au zilizolala katika ajali ya Atchison. Ni ipi kati yake ambayo peke yake ingalitosha kuizuia?

4. Tembeleeni stoo ya kemikali ya shule yenu pamoja na mwalimu. Orodhesheni kemikali ambazo hazifai kukaa jirani, kisha mpendekeze mpango bora wa kuziweka.